Shingo ya Mandolini ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa fundi cherehani huko Rwezamenyo, na mwanzoni mwa miaka ya tisini vidole vyake vilianza kukakamaa. Mandolini yake ya zamani ilikuwa na nyuzi nane, zimepangwa mbilimbili kwenye shingo nyembamba, na hakuweza tena kuzibana. Shingo yenyewe ilishaliwa na bungua. Mimi ni seremala, nikamwambia: tumbo la mandolini ni zima, tulibakize, nitachonga shingo mpya, pana kidogo, ya nyuzi nne tu. Alikubali haraka mno, nikajua alivyokuwa na hamu ya kupiga.

Kama hujawahi kuchonga shingo ya ala, usiogope. Urefu unauchukua kwenye ile ya zamani, huongezi wala hupunguzi, maana sauti zinaufuata. Nilitumia mbao ya mti wa umusave iliyokauka vizuri, na vile vyuma vidogo vinavyokingama shingoni nilivikata kwenye spoku za baiskeli. Kazi hasa ni unene, na huo haupimwi kwa rula. Unampa mpigaji ashike, unamuuliza, unakwangua, unamuuliza tena.

Hapo ndipo tulipokwama. Mtu na baba mkwe wake hawaambiani mabaya.

"Baba, inaumiza?"

"Iko nzuri, mwanangu. Iko nzuri sana."

Lakini kila akiishika kidogo tu, anaurudisha mkono mapajani na kuusugua. Ningeishia pale, angeitundika ukutani kwa heshima zote na asiipige kamwe.

Mke wangu alikuwa akitutazama kutoka mlangoni. Akachukua chaki kwenye meza ya cherehani, akampaka baba yake kiganjani. "Shika, Baba." Mzee aliposhika na kuachia, chaki ilikuwa imejaa kwenye mbao sehemu moja, pale palipombana chini ya kidole gumba.

"Ona!" mke wangu akacheka. "Mkono wako hauna adabu, umemsema mkweo."

Mzee naye akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanigeukia. "Basi, hapo iko nene kama mchi. Toa! Na huku pia, umeacha kona."

Sijawahi kufurahia lawama namna ile. Nilikwangua, akashika, akalalamika, nikakwangua. Gundi ya shingo iliposhika na nyuzi kufungwa, alipiga wimbo wa harusi mpaka mwisho, akauanza upya bila kuusugua mkono.

"Kesho," akasema huku akiendelea kupiga, "utoe kidogo tena hapa juu."