Bi Mkubwa Apoteza Sauti

Mama mkwe wangu ni fundi wa kusuka mota. Pangaboi zilizoungua, pampu za maji, mashine za kusaga, vyote hupitia barazani kwake, na vikitoka hapo vinazunguka. Akimaliza kazi haamini masikio. Huweka kiganja juu ya mota, hufumba macho, kisha husema, "Iko sawa," au hutukana kidogo na kuifungua upya. Nilipoolewa katika nyumba hii nilionywa mambo mawili tu: nisiguse waya zake, na nisimguse Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa ni gitaa la besi la baba mkwe. Alikuwa nalo kabla hajaoa, na rangi yake imebanduka pale mkono unapoegemea. Mama mkwe ndiye aliyelipa jina hilo. "Mimi nilimkuta humu ndani," husema. "Bi mdogo ni mimi." Kwenye maonyesho ya bendi hakanyagi. Aende kutazama mwenziwe akikumbatiwa mbele za watu? Baba mkwe naye haruhusu mtu yeyote kulibeba, hata mume wangu, mwanawe wa kumzaa.

Basi Bi Mkubwa akapoteza sauti. Gitaa lina pikapu mbili, yaani zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi, zinazonasa mtikisiko na kuupeleka kwenye spika. Ya mbele ikafa. Iliyobaki ikawa inatoa sauti kavu, haina nyama. Wenzake wa bendi, wastaafu kama yeye, wakamwambia kwa upole kwamba hali ikiwa hiyo kwenye onyesho la Jumamosi, mpiga kinanda atapiga besi kwa mkono wa kushoto. Bendi hiyo aliianzisha yeye. Alirudi nyumbani amenuna mpaka chai ikapoa.

Pikapu mpya zilikuwepo madukani, ila zote kubwa. Kila fundi alitaka kulichonga gitaa ili ziingie. "Kumchonga?" aling'aka, utadhani anachongwa yeye.

"Nipe nimsuke," mama mkwe akasema.

"Gitaa si pangaboi, mke wangu."

"Koili ni koili, mzee, waya uliosukwa tu. Au unaogopa nitalipiza kisasi?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Baba mkwe hakucheka, lakini Alhamisi alikubali kwa shingo upande.

Mama mkwe alifungua akakuta waya umeliwa na kutu ndani kabisa. Mpya aliutoa kwenye saa ya ukutani ya umeme iliyokufa, mwembamba kuliko unywele. Akakaa kwenye mashine yake ya kusukia, ile ya kuzungusha kwa mkono, na sote tukapigwa marufuku kupiga chafya. Waya ukakatika. Akaanza upya. Baba mkwe alizunguka sebuleni kama mwanamume ambaye mkewe yuko chumba cha kujifungulia.

Pikapu aliyoisuka, ikipigwa peke yake, ilitikisa vikombe kabatini. Ya nyuma peke yake, salama. Baba mkwe akaziwasha zote mbili kwa pamoja, na sauti ikanywea, ikabaki ya nzi ndani ya chupa.

"Umemuua," akasema, na hapo hakuwa anatania.

Roho iliniuma. Mama mkwe akaweka kiganja juu ya spika, akafumba macho. "Piga tena." Akapiga. Mama akaangua kicheko. "Nimemsuka upande niliouzoea! Mmoja anavuta, mwenzake anasukuma. Haya mwanangu, pampu ikizunguka kinyume nafanyaje?"

"Unabadilisha waya mbili," nikajibu.

Chuma cha kulehemu kikapata moto, waya mbili zikabadilishana nafasi. Baba mkwe akagusa uzi mmoja tu. Niliusikia mlio huo kifuani na kwenye nyayo. Akaugusa tena, akacheka, kisha akalia, mtu mzima na mvi zake.

Jumamosi mama mkwe alikuja ukumbini kwa mara ya kwanza, gauni jipya mwilini na mkoba wa vifaa begani, eti lolote laweza kutokea. Wimbo wa kwanza ulipokolea aliinuka, akapita katikati ya wanaocheza, akaweka kiganja kwenye spika.

"Iko sawa?" baba mkwe akauliza kwenye maikrofoni, vidole vikiendelea kutembea.

Mama mkwe akafumba macho kwanza.

"Iko sawa!"

Tulirudi kwa miguu, mimi na mume wangu nyuma yao. Baba mkwe alibeba mkoba wa vifaa. Bi Mkubwa alibebwa na mama.