Nilimpeleka Mama Neema Kanada kwa Simu

Mjinga ni mimi, msitafute mwingine. Niko sekondari, mchekeshaji wa darasa, na utani wangu umefika hadi Mahakama Kuu!

Mama Neema ni Mkongo, anasuka watu nywele sebuleni kwake hapa mtaani kwetu, Kabiria. Alikuwa ameomba hifadhi ya ukimbizi, akaambiwa angoje simu ya kuitwa mahojiano. Mikono yake huwa na mafuta ya nywele, kwa hivyo simu ikilia, napokea mimi au binti yake Neema, ambaye tunasoma naye.

Siku hiyo nikapokea mimi. Jamaa, sauti nzito: "Tunamtafuta mama, kuhusu ombi lake la hifadhi."

Nikajua ni Otis, beshte yetu anayeiga sauti za wakubwa. "Pole, buda! Alishahamia Kanada. Saa hii anatafuna theluji!"

Wateja wakacheka hadi machozi. "Nani huyo?" Mama Neema akauliza.

"Wajinga tu, mama."

Wajinga! Kumbe haikuwa Otis, ilikuwa ofisi ya wakimbizi yenyewe, ikaandika kwamba ameacha ombi, amehama nchi. Hifadhi ikakataliwa. Na nyinyi wakubwa wa ofisi, mnaamuaje maisha ya mtu kwa maneno ya kijana anayecheka? Mlishindwa kupiga tena? Kutuma mtu je? Kabiria iko mwezini?

Wakili mmoja wa mtaa wa Hurlingham akapeleka kesi kortini. Nikala kiapo nikayarudia maneno yangu yote ya simu, hadi ile theluji, mama yangu mzazi akinikodolea macho. Soo, aibu tupu!

Jaji akamwuliza wakili wa serikali, "Mlimtafuta tena?"

"Hapana, mheshimiwa."

Jaji akaufuta ule uamuzi wa ofisi. Nikaruka juu! Neema akanivuta shati nikae. Kumbe jaji hakumpa hifadhi. Aliangalia tu kama mama alisikizwa. Ombi limerudishwa kwa ofisi ile ile. Ile ile, jameni!

Sasa anangoja upya. Hatoki nje ya geti, anaogopa kukamatwa na kurudishwa kwao. Neema aliniambia mara moja tu: "Mama alitoroka risasi akafika hapa. Wewe ukamfukuza ukicheka."

 

Wachekeshaji wenzangu, simu ya mtu mpelekee mwenyewe, hata kama mikono ina mafuta. Siku hizi ikilia, Mama Neema anaacha kichwa cha mteja katikati na kuidaka. Nikiwa karibu, anaificha kifuani kwanza.