Msusi wa Point anayewataka maprofesa wainue nyuso

Saa tatu kasorobo asubuhi, Jumamosi, saluni ya Marie-Jeanne katika mtaa wa Point mjini Durban imeshajaa. Viti ni vitatu, wateja ni saba, na redio imefunguliwa mpaka mwisho. Kwenye kiti cha dirishani, Huguette anamsuka mwalimu mmoja wa chekechea rasta nyembamba. Mwalimu anapiga soga bila kupumzika: kodi imepanda, mume hajapiga simu, jirani kaleta mbwa wa tatu. Huguette, aliyesimama nyuma yake, anaitikia, anauliza, anacheka panapostahili kicheko.

Hasikii hata neno moja. Anasoma midomo ya mteja kwenye kioo.

Mteja akiinamisha kichwa huku anaongea, Huguette anamshika kidevu kwa vidole viwili, anakiinua taratibu na kusubiri aendelee. Wageni hudhani ndiyo namna yake ya kusuka. Sauti ya Huguette ikipanda kupita kiasi, Marie-Jeanne humgusa bega mara moja, naye huishusha.

Huguette ana umri wa miaka ishirini na saba. Alizaliwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, akaingia Durban na mama yake mwaka 2005 wakiwa wakimbizi. Alisuka nywele za watu mpaka akapata ada, na mwaka 2008 akaanza kusomea uuguzi katika chuo kikuu kimoja cha mji huu. Amebakiza mwaka mmoja tu. Mwaka huo mmoja ndio anaoupigania hadi leo, Agosti 2013.

Kilichomtoa darasani ni kifua kikuu sugu, kile ambacho dawa za kawaida hazikiwezi, na ambacho kimewaweka watu wengi kitandani katika jimbo hili la KwaZulu-Natal. Alikipata mwishoni mwa mwaka 2010 akiwa wodini kwa mafunzo ya vitendo. Anasema barakoa za kuzuia maambukizi zilikuwa chache na ziligawiwa kwa waajiriwa kwanza. Wanafunzi waliambiwa wafungue madirisha.

Ndiyo, madirisha. Vijana waliopelekwa kulala na kuamka na ugonjwa unaoua, kinga yao ilikuwa upepo wa bahari.

Akalazwa. Sindano kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili, kwa miezi sita. Mwezi wa tatu masikio yakaanza kulia kama birika linalokaribia kuchemka. Alimwambia muuguzi, akajibiwa kwamba ni kawaida. Wiki iliyofuata alisema tena, akaambiwa mbona wenzake hawalalamiki. Hakusema mara ya tatu.

Hapo ndipo mwandishi alipomuuliza kwa nini mtu aliyesomea uuguzi alinyamaza. Mwandishi aliuliza huku ameinamia daftari lake. Huguette aligonga daftari kwa kitana, akangoja mpaka macho yao yakutane, ndipo akaomba swali lirudiwe.

"Nilijua," alisema. "Ile chapitre ya sindano yenye kuua masikio nilikuwa nimeisoma, hata examen nilipita. Lakini mukimbizi anajifunza mbiombio: mutu mwenye iko na uniforme, usimubishie. Nilijisemea, hawa banaweza kuandika mi niko mugumu, kisha ile karatasi inanifuata kwenye banapiga muhuri ya permis ya kukaa. Nikanyamaza. Kosa yangu njo ile."

Anaiita kosa lake. Mwandishi wa makala haya hakubaliani naye hata kidogo. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Lakini hapa sikio lilikuwa zima, dawa ndiyo iliyoliua, na waliokuwa wameshika bomba la sindano waliambiwa mara mbili.

Mwezi wa tano alikuwa kiziwi. Siku waliyotaka kuthibitisha, walimshusha ghorofa ya chini wakampima kwa mashine. Mashine ya kupima masikio ilikuwepo siku zote, ghorofa mbili chini ya kitanda chake. Ilimsubiri mpaka pasiwe na cha kupima.

Alipona mapafu, akaruhusiwa kutoka mwishoni mwa 2011. Wanawake sita walilala chumba kimoja naye, wawili wamezikwa. Nyumbani alikaa miezi minne akiangalia ukuta. Chuo kilikuwa kimeshampa mtu mwingine nafasi yake, na barabarani teksi ilikaribia kumgonga kwenye robot, zile taa za barabarani, kwa kuwa hakusikia honi. Anasema alikuwa akijiuliza swali moja tu, asubuhi mpaka jioni, kwa nini hakufa kama wale wawili: "Nimebakia juu ya nini?"

Jibu la kwanza lilitoka kwa Marie-Jeanne, mwenye saluni, aliyekuja na kitana na mfuko wa nywele za bandia akaumwaga kitandani. Marie-Jeanne mwenyewe anakumbuka alivyomwita kwa kumwandikia kwenye karatasi, kwa sababu wakati huo Huguette alikuwa bado hajajua kusoma midomo: mikono haikuugua, kuya kazini. Leo Huguette anapata kama randi elfu mbili kwa mwezi mambo yakiwa mazuri, na nusu yake inakwenda kwenye chumba anachoishi na mama yake.

Jibu la pili alilitafuta mwenyewe. Mwaka 2012 alianza kurudi hospitali ileile kila Jumapili, na mfukoni alibeba viberiti.

Kijana wa kwanza kupewa alikuwa Japhet, Mtanzania kutoka Mbeya anayesomea uhandisi, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza sindano zilezile. Huguette alimwelekeza atikise kiberiti kila asubuhi kwa urefu wa mkono, kulia kisha kushoto. Sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza, alimwambia, na njiti zina sauti nyembamba. Siku zitakaponyamaza, aseme siku hiyohiyo. Na akishasema, asiondoke.

Si kipimo cha kitaalamu, na Huguette hadai hivyo. Ni kengele ya mtu maskini.

"Wiki ya tisa sikio la kushoto nikaona halinipi kitu," anasimulia Japhet, ambaye amerudi darasani mwaka huu. "Nikakaa mlangoni kwa daktari tangu saa mbili asubuhi. Nikamwambia, kwa heshima zote, sichomwi tena mpaka nipimwe. Walinipima, wakakuta kweli, wakanibadilishia dawa. Dada Huguette hakuwa na mtu wa kumwambia akae mlangoni. Mimi nilikuwa naye."

Tangu hapo amegawa viberiti kwa kila mgonjwa aliyekubali kupokea. Walinzi wawili wa getini wamewahi kumnyang'anya, wakidai anataka kuchoma wodi. Siku hizi anatoa njiti, anavikata vichwa, anazirudisha ndani. Zinalia vilevile.

Mwezi Mei mwaka huu aliomba kurudi kumalizia mwaka wake, ili afanye kazi na wagonjwa wa kifua kikuu sugu. Chuo kikamwita mbele ya jopo la maprofesa watano. Walikaa wameligeuzia dirisha mgongo, jua la asubuhi likiwa nyuma yao, nyuso zao giza tupu. Walisoma maswali huku wameinamia karatasi. Huguette aliwaomba mara mbili wainue vichwa. Mmoja aliinua, akatabasamu, akainama tena.

Baada ya wiki mbili alipata barua. Amemwonyesha mwandishi. Imeandikwa kwamba mwanafunzi hakujibu maswali manne kati ya sita, na kwamba, kwa vyovyote, mtu asiyesikia hawezi kumsikia mgonjwa akiita.

Mtu unaisoma barua hiyo damu ikichemka. Walimwita mtu kiziwi mbele yao, wakaongea wakiwa wameficha midomo kwenye karatasi, kisha wakamwandikia kwamba hakujibu. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Huguette hakulia. Alikunja barua, akairudisha kwenye bahasha, na jibu lake alilitoa taratibu, bila kuhitaji kuguswa bega.

"Banasema mi siwezi kusikia mugonjwa akiita. Bale ba infirmières bote benye balinichoma sindano balikuwa na masikio. Mi niliita mara mbili."

Alikata rufaa. Katika rufaa hiyo aliandika maombi matatu: wakae upande wenye mwanga, waongee mmoja mmoja, waangalie juu. Majibu yalifika wiki iliyopita. Yametaja tarehe, tisa Oktoba, saa nne asubuhi, na chumba kilekile. Kuhusu maombi matatu hayana hata nukta. Wakishindwa kumkubali safari hii, nafasi yake inafutwa kabisa, na miaka mitatu aliyosoma inakwenda na maji.

Mwandishi alimuuliza atafanya nini. Safari hii aliuliza akiwa ameinua uso.

"Kikao ni saa ine. Mi nitafika saa tatu," alisema. "Mulango wa ile chumba habafungake na funguo, najua. Nitageuza viti vyote. Bo bataangalia dirisha, mi nitaipa mugongo. Kama banauliza nani alifanya ile, nitasema ni mi."

Na wakiinama tena kwenye karatasi?

Mwalimu wa chekechea alikuwa ameanza kuchungulia simu yake, na midomo yake ilikuwa imetoka kwenye kioo. Huguette alimshika kidevu kwa vidole viwili, akakiinua taratibu.

"Vile," alisema. "Na nitangoja."