Maji ya Mbumbuni Yalivyokatika Kila Siku ya Soko

Saa mbili asubuhi, Kavata Ndolo ameinamia kompyuta katika chumba cha kukodi mjini Wote. Chai yake imepoa hadi ikafanya utando. Anasoma rekodi za mazungumzo ya programu mbili: ya tangi la maji la Mbumbuni na ya pampu ya kisima. Mistari ni mingi hadi inatia kizunguzungu, lakini yeye anaifuata kwa kidole, polepole.

"Hizi programu zinaongea tu kama watu," anasema. "Kazi ni kujua nani alinyamaza kwanza."

Kwa wiki kadhaa maji yamekuwa yakikatika kila siku ya soko. Watu wa Mbumbuni hawakuhangaika kutafuta mchawi. Mlinzi wa pampu, Mzee Musyimi, ana shemeji anayebeba maji kwa punda na kuyauza mifereji ikikauka, na hilo likawatosha. Aliitwa mwizi mkutanoni, na Jumatatu kamati ya maji inaketi kumfuta kazi.

"Wananiangalia vibaya hata kanisani," Musyimi anamwambia Kavata kwa simu. "Sijagusa hiyo pampu, msichana wangu. Mimi nafagia tu na kufunga geti."

Kidole cha Kavata kinasimama. Tangi likipungua, programu yake hutuma neno moja kwa pampu: "geuza", yaani kama imezimwa iwake, kama inawaka izime. Pampu iliyozimwa huwaka, kisha hujibu kwamba imesikia. Siku ya soko, simu za wachuuzi huujaza mtandao na jibu huchelewa. Tangi, likidhani halikusikika, hurudia: "geuza". Na pampu, ambayo tayari inawaka, kwa utiifu wake wote hujizima.

Kavata anaegemea kiti, uso umemshuka. Programu hizo aliziandika mwenyewe. Inamuuma, na hafichi.

"Nilizijaribu hapa Wote, network ikiwa sawa. Sikufikiria mambo ya soko," anasema. "Mzee wa watu ametukanwa juu yangu."

Kufikia mchana amelibadilisha neno hilo. Sasa tangi litasema "washa" au "zima". Hata likirudia "washa" mara kumi, pampu itaendelea kuwaka.

Angeweza kuiandikia kamati ripoti na mambo yakaisha kimyakimya. Hataki. Ameshamwomba mchungaji wa Mbumbuni nafasi baada ya ibada ya Jumapili.

"Walimwita mwizi watu wakisikia," anasema. "Nimemwambia akae benchi ya mbele. Nitasimama niwaambie aliyekuwa akiwakatia maji ni mimi."