Mboga za Anena na Kichwa cha Baba

Saa moja asubuhi, Kyebando, pembezoni mwa jiji. Concy Anena ameinama bondeni, tope limemfika vifundoni, anachuma majani ya kunde na kuyapanga kwenye beseni. Yaliyopauka anayaacha.

"Ya kijani kilichokoza ndiyo yenye nguvu," anasema bila kuinua kichwa.

Pembeni, baba yake, mzee Saverio Okeny mwenye miaka sabini na mitatu, anafunga mafungu kwa nyuzi za mgomba. Akimaliza fungu, analifungua na kuanza upya. Anena hamkatazi.

Anena, miaka arobaini na sita, ameuza mboga kwa miaka tisa. Baba yake aliendesha lori la polisi kwa miaka ishirini na minane. Usahaulifu ulionekana waziwazi mwaka 1973, alipomimina kopo zima la mafuta ya kupikia kwenye mnyororo wa baiskeli, akidhani yuko gereji ya polisi.

"Mafuta yenyewe nilikuwa nimeyatafuta wiki mbili," Anena anakumbuka. "Nililia, halafu nikampeleka Nsambya."

Huko hospitalini alikutana na muuguzi Mkenya, Aoko, anayewashauri wagonjwa kuhusu chakula. Aoko alimweleza kwamba mwili unapotumia chakula na hewa hubakiza vitu vinavyouchoma ndani kwa ndani, mfano wa kutu kwenye chuma, na ubongo wa mzee huumia upesi. Mboga za kijani, nyanya, mapapai na karanga vina vitu vinavyopunguza kutu hiyo.

"Sikumwahidi dawa," anasema Aoko. "Wataalamu bado wanachunguza. Na kilichokwisha kupotea hakirudi."

Hadi siku hiyo mzee alikuwa akishindia muhogo na chai. Anena alianza kumpikia majani ya kunde kwa karanga, kila siku.

Machi mwaka huu, 1975, mzee alivaa shati lake la zamani la kaki akaondoka kwenda kazini, kambi ya polisi ya Naguru. Kwenye kizuizi cha barabarani wanajeshi walimuuliza jina, akawatajia namba yake ya polisi. Walipomuuliza kwao ni wapi, akasema Gulu, kaskazini. Siku hizi wanajeshi huwashuku watu wa huko, na jibu hilo limewapoteza wengi.

Anena alimkuta saa tisa alasiri, ameketi chini, hana viatu.

"Mama, huyu muzee ni yako?" mwanajeshi aliuliza.

"Ni baba yangu, afande. Kichwa yake imechoka."

"Anasema anaenda kazi. Kazi gani? Nani ametuma yeye?"

Lori la wanajeshi lilikuwa likinguruma karibu yao. Mzee akaligeukia.

"Mukanda ya feni imelegea," alisema. "Mutaunguza injini."

Dereva alicheka, kisha akafungua boneti. Mkanda ulikuwa umelegea kweli. Mwanajeshi akamwambia Anena, "Chukua yeye. Asirudi hapa."

Walitembea hadi nyumbani. Kesho yake Anena alikwenda Nsambya kumweleza Aoko kwamba mboga zimefanya kazi.

Aoko alimkatiza. "Hapana, dada. Kazi aliyoifanya miaka yote hiyo hukawia kutoka kichwani. Usizipe mboga sifa isiyo yake. Na wewe mwenyewe unakula nini?"

Anena alikuwa akila ugali kwa chumvi. Majani mazuri yalikuwa ya baba, mengine ya wateja.

"Swali hilo lilinikaa," anasema. "Baba nimemchelewea. Mimi bado."

Sasa hutenga fungu lake kabla ya kwenda sokoni, hata siku ambayo mboga ni chache. Ameomba kipande cha shamba la jirani alime nyanya na malakwang, mboga chachu ya kwao, kabla ya mvua za Septemba. Anataka pia kumfundisha binti yake, Acan, aliyeolewa Gulu, namna ya kuipika.

"Nikifika umri wa baba," anasema, "Acan akiingia mlangoni, nataka nimtaje kwa jina lake."