Shira ya Harusi na Kidole Changu cha Mguu

Mimi nilikuwa mwonja shira wa mtaa wetu, hapa Bagamoyo. Si cheo kidogo hicho, msikicheke. Iwe harusi, iwe maulidi, sufuria ya shira ya kalimati haikuipuliwa mpaka niitwe, nije na kanga zangu mbili, nikae juu ya kibao, nionje. Nikisema "bado", sukari inaongezwa. Nikisema "imekolea", ndiyo inatoka jikoni. Habari za shamba la miwa kule Makurunge zilipotufikia, wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alisema wamelileta karibu kwa ajili yangu.

Kisukari kilinikuta na cheo changu hichohicho. Nesi wa kliniki, binti mpole lakini ana ulimi, alinitoboa kidole, akatazama kipimo, akanitazama mimi, akarudi kukitazama kipimo. Akanieleza kwamba mwili wangu umeshindwa kuitumia sukari, kwa hiyo inabaki inazunguka kwenye damu, na ikizidi muda mrefu inaharibu macho, figo na mishipa ya fahamu miguuni. Akanipa vidonge, akanipunguzia wali, akanikataza vitamu. Nikaitikia kila neno. Tangu siku ile chai yangu nikainywa bila sukari, tena barazani, uso nimeukunja, ili kila apitaye ajue huyu ni mgonjwa anayejitunza.

Lakini kuonja je? Jamani! Mwezi wa Ramadhani wapishi wetu huonja chumvi kwa ncha ya ulimi na saumu yao haivunjiki. Nikajitolea fatwa mwenyewe: kama kuonja hakuvunji saumu, kutavunjaje masharti ya nesi? Nilisahau jambo dogo tu, kwamba wao hutema. Mimi nilikuwa nameza, na kijiko changu kilikuwa upawa.

"Bibi, vitamu umeacha?" nesi aliniuliza kila nilipokwenda.

"Sili kabisa, mwanangu."

Wala sikuona nimesema uongo, maana hakuniuliza habari za kuonja. Siku mbili kabla ya kliniki nilikuwa nakula mchicha na samaki wa kuchemsha, kipimo kikatoka na adabu zake, nikasifiwa. Nikarudi nyumbani kichwa juu, moja kwa moja jikoni kwa watu.

Basi ikaja harusi moja ya jirani. Nimekaa kwenye kibao changu, viatu nimevua, upawa mkononi, sufuria tatu mbele yangu. Sufuria ya pili nikasikia harufu ya kitu kinaungua. Nikapandisha sauti: "Nyie wapishi mna nini leo? Mnaunguza kalimati za watu!" Wapishi wakatazama karai, kalimati nyeupe bado. Nikawaambia pua zao mbovu. Wifi yangu akapiga ukelele:

"Wifi, mguu wako!"

Kaa la moto lilikuwa limetoka jikoni, na mimi nimelikanyaga, limenata chini ya kidole cha mwisho. Ile harufu ilikuwa yangu. Sikuwa nimesikia maumivu hata chembe, na hapo ndipo nilipoogopa, wallahi, kuogopa hasa. Unajua nilifanya nini? Nilipaka mafuta ya nazi, nikavaa soksi, nikaonja sufuria ya tatu.

Nilikificha kidonda mpaka kikaanza kunuka. Nesi aliponivua soksi hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Nikamwambia kila kitu, upawa na mchicha, nikilia. Akanishika bega. "Bibi yangu, damu haijui kama ulikuwa unakula au unaonja. Kilichomezwa kimemezwa." Kidole hakikupona. Daktari akakikata, akasema nina bahati kuwa ni kimoja.

Niliporudi nyumbani mtaa mzima ulikuja kunipa pole, Mungu awalipe, na kila mmoja na chombo chake: halua, visheti, juisi ya embe. Nilishukuru, nikavigawa vyote. Kisha harusi nyingine ikafika na sufuria ikaletwa mpaka kibarazani kwangu, maana bila mimi haitoki. Nikachovya kidole, nikakifuta kwenye kanga wasione, nikatamka: "Imekolea." Kumbe ilikuwa maji matupu! Wageni walizila kalimati zile kama wanatafuna pamba. Kabla ya magharibi cheo kimeondoka, amepewa wifi yangu. Sikatai, iliniuma.

Wifi ameshika upawa miezi mingi sasa. Juzi nilimkuta jikoni kwa watu, amekaa kwenye kibao kilekile. Pembeni yake jagi la maji, amelimaliza, anaagiza jingine. Amekonda. Akasema siku hizi kiu haimwishi, na chooni anakwenda kila saa.

"Wifi, twende kliniki ukapime," nikamwambia.

Akacheka, akajaza upawa. "Mimi? Vitamu mimi sili, wifi. Naonja tu."

Wapishi wakacheka naye. Mimi nikavua kiatu, nikavua na soksi, nikaupandisha mguu wangu juu ya kibao, ubavuni pake, karibu kabisa na sufuria.

"Hesabu," nikamwambia.