Mkojo wa Saa Sita Mchana

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya kituo cha afya upande wa Ilongero, mkuu wa maabara alinionyesha darubini. "Binti, hii haidanganyi. Jihadhari na anayekaa nyuma yake."

Nilikuja kumwelewa kwa sababu ya Salome, msichana wa darasa la sita. Alikuwa anasinzia darasani na kukojoa damu. Mara tatu baba yake alimleta alfajiri, kama watu wetu wanavyowahi matibabu kabla ya kwenda kwenye mashamba ya alizeti. Mara tatu niliandika: hakuna mayai ya kichocho.

"Basi ni uvivu," baba akasema. "Anakula ugali kutushinda wote. Jumatatu anaacha shule, achunge mbuzi."

Mkuu wa maabara alisoma daftari langu, akavua miwani. "Mayai hushuka kwa wingi jua likiwa utosini. Wewe unapima alfajiri, halafu unamtia mtoto hatiani?"

Nikawafuata kwa bodaboda, nikarudi nao. Saa sita nilimwambia Salome azunguke jengo mbio mara tatu, maana mwendo huyatikisa mayai.

"Daktari," baba akaguna, "mgonjwa unamswaga kama ndama?"

Safari hii mkojo wake ulijaa mayai, kila moja na mwiba nchani. Nikamwita baba achungulie.

"Wazazi wa mayai haya wanakula nini humo ndani?" akauliza.

"Sukari ya damu. Mnyoo dume humkumbatia jike ndani ya mshipa, wakaichoma ovyo kama wenye kuni za bure. Ila kinachomchosha Salome zaidi ni damu anayopoteza, mayai yakichana kibofu."

"Wameingiaje?"

"Kwenye lambo. Kiluwiluwi wa mnyoo akitoka kwa konokono wa majini hali kitu. Huogelea kwa akiba ya sukari aliyozaliwa nayo. Asipopata ngozi ya mtu, siku mbili haziishi, amekufa."

Baba akasema kwa uthabiti, "Basi huyo kiluwiluwi tutamshindisha njaa."

Jumatatu Salome alishiba uji, akameza dawa, akaenda shule.

Miaka kumi na mitano imepita. Majuzi nilipita kwao. Mapipa matatu ya maji ya lambo yamepangwa ukutani, yamefunikwa, yameandikwa kwa chaki: leo, jana, juzi. Salome, mtoto mgongoni, akapiga goti.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu."

Akachota kwenye la juzi, nikanawa.